Hoteli za chapa kubwa kwenye safari ya kikazi nje ya nchi: jina la ukutani si mwenye nyumba

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wanaotumwa kikazi nje ya nchi na kulala kwenye hoteli za majina makubwa: Marriott, Hilton, Holiday Inn, Novotel, Ibis na wenzao. Nimesafiri kikazi kwa miaka, na kila nikikaa na wasafiri wenzangu nasikia kauli ileile: "Hii ni hoteli ya kimataifa, hapa hakuna wasiwasi." Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mara nyingi kampuni yenye jina lile ukutani haimiliki jengo unalolala, na hata aliyekupokea mapokezi huenda si mwajiriwa wake.

Mfumo wenyewe uko hivi. Mwekezaji anajenga au ananunua jengo. Anaingia mkataba na kampuni ya chapa, analipa ada, na anapewa haki ya kutumia jina, mfumo wa kuhifadhi vyumba na mpango wa pointi za kuwatuza wageni wanaorudi. Yeye kwa upande wake anaahidi kufuata viwango vya chapa: aina ya godoro, kufuli za milango, usafi, namna ya kumpokea mgeni. Uendeshaji wa kila siku unaweza kufanywa na chapa yenyewe, na mwenye jengo, au na kampuni nyingine kabisa iliyokodishwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo chini ya jina moja unaweza kuwa na wahusika watatu tofauti, na kila mmoja ana maslahi yake.

Haya hayakuanza jana. Kemmons Wilson alisafiri na familia yake kwa gari nchini Marekani mwaka 1951, akaudhishwa na nyumba za wageni za njiani ambazo ubora wake haukutabirika na ambazo zilimtoza zaidi kwa kila mtoto. Mwaka 1952 akafungua Holiday Inn ya kwanza mjini Memphis. Wazo lake lilikuwa kwamba mgeni ajue atakachokikuta kabla hajafungua mlango. Na alipotaka kusambaa haraka, hakujenga zote kwa fedha zake; aliwauzia wengine haki ya kutumia jina. Tangu hapo vitu hivyo viwili vimekwenda pamoja: vyumba vinavyofanana, wamiliki tofauti. Hata InterContinental, iliyoanzishwa na shirika la ndege la Pan Am mwaka 1946, ilizaliwa kwa sababu abiria wa safari ndefu walihitaji mahali pa kulala panapoaminika katika miji wasiyoijua.

Ninachosema si kwamba tuzikimbie. Mimi mwenyewe nikiwa na mkutano asubuhi nachagua chapa ninayoijua. Nasema tujue ahadi ya jina inaishia wapi. Kitanda, bafu na kufuli vitakuwa karibu sawa kokote uendako. Lakini kiasi cha dhamana kitakachoshikiliwa kwenye kadi yako, kiyoyozi kutengenezwa leo au wiki ijayo, kukubaliwa kuingia asubuhi na mapema, ankara kuandikwa jina la kampuni yako, hayo yote yako mikononi mwa hoteli ileile uliyosimama ndani yake. Ndiyo maana ukiwa na shida usianze kwa kupiga simu makao makuu. Muulize meneja wa zamu. Makao makuu watapokea malalamiko yako kwa upole, kisha watayarudisha kwa meneja huyohuyo.

Sasa niseme kuhusu dhamana, maana hapa ndipo nimeona watu wazima wakitokwa jasho mbele ya mapokezi. Kampuni imelipia chumba chote. Unafika usiku, umechoka, unaambiwa: "Tunaomba kadi kwa matumizi ya ziada." Hawakati pesa, wanaiomba benki ikifungie kiasi fulani mpaka utakapoondoka. Ukitumia kadi ya mkopo, kinachofungwa ni sehemu ya kikomo chako cha kukopa. Ukitumia kadi ya akaunti yako ya kawaida, zinazofungwa ni pesa zako halisi, zile ulizotegemea kwa teksi na chakula. Siku ya kuondoka hoteli inaachia, lakini benki inaweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki au zaidi, kabla hujaziona tena. Kwa hiyo kabla ya safari, iandikie hoteli yenyewe barua pepe, uliza: mnashikilia kiasi gani, kwa usiku au kwa safari nzima, na je, mnapokea barua ya kampuni inayokubali kubeba gharama zote? Hoteli nyingi zina fomu ya idhini ambayo kampuni inaijaza na kuirudisha mapema. Pata jibu kwa maandishi na uwe nalo kwenye simu, kwa sababu anayekujibu barua pepe mchana siye atakayekupokea usiku.

Na wakikuuliza kwenye mashine ya kadi kama ulipe kwa sarafu ya nyumbani kwako au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ukichagua ya kwako, kiwango cha kubadilishia kinapangwa upande wa mfanyabiashara, na kwa kawaida kina faida yao ndani.

Karibuni tuongeze nyama.

Mhasibu Mkongwe

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu. Mimi nipo upande wa pili wa meza, ndiye ninayepokea marejesho ya masurufu mkirudi. Naomba nizungumzie ankara.

Risiti ya mashine ya kadi si ankara. Inaonyesha tu kwamba pesa zimetoka. Ninachohitaji mimi ni ankara ya hoteli yenye jina la kampuni, anwani, namba ya mlipakodi, tarehe za kuingia na kutoka, na kila usiku ukiwa kwenye mstari wake pamoja na kodi. Waambie siku ya kuingia, si siku ya kuondoka wakati gari la uwanja wa ndege linakungoja nje. Baadhi ya nchi zina sheria kali kuhusu kubadilisha jina kwenye ankara iliyokwishatolewa, na mhudumu akikwambia mfumo hauruhusu, huenda anasema kweli.

Pili, omba wagawe ankara mbili tangu mwanzo. Moja ya chumba, iende kwa kampuni. Nyingine ya mambo yako binafsi: vinywaji, dobi wa nguo zako za matembezi, filamu. Jambo hili ni dogo kwao, na kwangu linaokoa mabishano ya wiki nzima.

Kwa Ulaya kuna sababu ya ziada. Umoja wa Ulaya una maelekezo ya mwaka 1986 yanayoruhusu kampuni za nje ya Umoja kuomba kurejeshewa kodi ya ongezeko la thamani kwa masharti ya kila nchi mwanachama. Si kila nchi inakubali kila kampuni, wala si kila gharama inarudishwa, lakini bila ankara halisi yenye jina la kampuni hakuna hata pa kuanzia.

Halafu kuna kodi ya jiji. Watu wananiletea maswali: "Tulilipa chumba chote, mbona tena wametoza?" Miji mingi hutoza kodi ya kulala ambayo mara nyingine hulipwa palepale hotelini. Amsterdam ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024. Berlin iliwahi kuwasamehe wanaosafiri kikazi, lakini tangu Aprili 2024 nao wanalipa. Kwa hiyo anayeandaa bajeti aulize, asikadirie kwa safari ya zamani.

Mgeni Kazini

Shikamoo wakuu. Mimi ndiyo nimepata safari yangu ya kwanza, ofisi imenikatia tiketi na hoteli kupitia wakala. Swali langu: ndege inatua saa kumi na mbili asubuhi. Je, chumba nitakipata muda huo? Na je, pointi nitazipata?

Mleta mada

Marahaba ndugu yangu, na hongera.

Chumba: hoteli nyingi zinaanza kupokea wageni saa nane au saa tisa alasiri. Ukifika alfajiri unaweza kubahatika, lakini bahati si mpango. Kama una mkutano siku hiyohiyo, ofisi ihifadhi chumba kuanzia usiku uliotangulia, na iwaandikie hoteli kabisa kwamba mgeni atafika asubuhi ya siku ya pili. Maneno hayo ni muhimu sana. Mifumo ya hoteli inafunga hesabu za siku usiku wa manane, na ambaye hajatokea anaweza kuandikwa kuwa hakufika. Akishaandikwa hivyo, siku zote zilizobaki zinaweza kufutwa, chumba kikauzwa kwa mwingine. Ndege ikichelewa pia fanya hivyohivyo: piga simu hotelini, taja jina na namba ya uhifadhi, mwombe anayepokea aandike kwenye mfumo kuwa unakuja, na umuulize jina lake.

Kama huwezi kupata chumba mapema, omba mambo mawili: waweke mizigo yako, na wakuonyeshe pa kuoga. Hoteli yenye bwawa au ukumbi wa mazoezi ina bafu huko, na mara nyingi hawakatai ukiomba vizuri.

Pointi: chumba kikihifadhiwa kupitia tovuti ya mtu wa kati, kwa kawaida hupati pointi wala heshima za uanachama. Kikihifadhiwa kwa hoteli moja kwa moja au kwa bei maalumu ya kampuni yako, mara nyingi unapata. Toa namba yako ya uanachama mapokezi ujaribu, ila usianze ugomvi nayo.

Lingine: andika anwani kamili, si jina peke yake. Marriott ilipoinunua Starwood, kampuni nyingine kubwa ya hoteli, mwaka 2016 ilijikuta na chapa 30, na mji mmoja mkubwa unaweza kuwa na hoteli nyingi zenye majina yanayokaribiana sana. Dereva ukimwambia jina tu atakupeleka anapopajua yeye. Beba anwani kwa lugha na maandishi ya nchi husika, pamoja na namba ya simu ya mapokezi.

Binti Safari

Naomba nichangie kwa niaba ya akina dada tunaosafiri peke yetu, ingawa kaka zangu nanyi mnahusika.

Mhudumu wa mapokezi hatakiwi kutaja namba ya chumba chako kwa sauti. Anatakiwa aiandike kwenye bahasha ya kadi na kukuonyesha kwa kidole. Akiitaja watu wakiwa wamesimama nyuma yako, omba chumba kingine palepale. Usione haya. Ni ombi wanalolifahamu.

Kadi za milango zisitufanye tulale fofofo. Mwaka 2012 mtafiti mmoja alionyesha hadharani jinsi kufuli za Onity, zilizokuwa kwenye mamilioni ya vyumba, zinavyoweza kufunguliwa kwa kifaa kidogo cha kujitengenezea. Mwaka 2024 watafiti wengine wakatangaza udhaifu katika kufuli za Saflok: milango kama milioni 3 katika nchi 131. Na kilichonitia hofu zaidi ni kwamba hata komeo la ndani la kufuli hizo lilikuwa linaitii kadi. Kampuni ilianza kuzirekebisha, lakini mgeni hana njia rahisi ya kujua kama mlango wake umeshafikiwa. Kwa hiyo mimi nikiingia chumbani nafunga kila kilichopo, hasa mnyororo au kile chuma cha kukunja kisichounganishwa na kadi, na nasafiri na kabari ya mpira ya kuweka chini ya mlango. Haina uzito wowote mkobani.

Jingine: simu ya chumbani ikilia usiku, sauti ikasema "ni mapokezi, kadi yako imekataa, tutajie namba," kata. Shuka mwenyewe chini, au piga mapokezi kwa kitufe cha simu ya chumbani. Utapeli huu ni wa siku nyingi na unawapata watu kwa sababu umewakuta usingizini, na kwa sababu wanaiamini hoteli.

Mtu akigonga akisema ni fundi na hukuita fundi, usifungue kabla ya kuuliza mapokezi. Hata kama amevaa sare.

Mleta mada

Dada, umesema kweli tupu. Niongeze la moto, kwa sababu hili nalishikilia kuliko yote na ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Tarehe 21 Novemba 1980 hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas iliungua. Watu 85 walikufa. Moto wenyewe ulikuwa chini, kwenye eneo la kasino na mgahawa, lakini wengi wa waliokufa walikuwa ghorofa za juu ambako moto haukufika kabisa. Moshi ndio uliowaua. Ulipanda kupitia ngazi, mashimo ya lifti na njia za hewa. Sehemu kubwa ya jengo haikuwa na vinyunyizio vya maji. Miaka kumi baadaye Marekani ikapitisha sheria ya usalama wa moto hotelini ya mwaka 1990, inayotaka watumishi wa serikali kuu wanaosafiri kikazi walale kwenye hoteli zenye vitambua moshi, na vinyunyizio kama jengo linazidi ghorofa tatu. Serikali imewawekea watumishi wake sharti hilo. Ofisi zetu zinauliza bei na umbali tu.

Nikifika chumbani, kabla sijafungua begi, natoka tena. Natafuta mlango wa ngazi za dharura ulio karibu, nahesabu milango iliyopo kati yangu na ngazi, na naufungua nione kama kweli unafunguka na kama ngazi hazijajazwa meza na magodoro ya akiba. Kuhesabu ni kwa sababu kwenye moshi huoni, unapapasa ukuta. Kadi ya chumba naiweka mahali palepale kila siku, jirani na viatu na simu, kwa sababu ukikuta ngazi zina moshi utahitaji kurudi chumbani, na mlango umeshajifunga nyuma yako. Lifti usiitumie hata kama inafanya kazi.

Nikipewa nafasi ya kuchagua, naomba ghorofa ya tatu hadi ya sita: juu kiasi cha kumzuia mpita njia asichungulie dirishani, chini kiasi cha kufikiwa na ngazi za zimamoto. Nimewahi kukuta, kwenye hoteli yenye jina linalojulikana kila mahali, mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo ili watu wasiingie bila kulipa. Nilimwita meneja wa zamu, nikakataa kupanda chumbani mpaka ukafunguliwa mbele ya macho yangu. Ukikuta hivyo, nakuomba ufanye hivyohivyo. Chapa imeandika kwenye viwango vyake kwamba mlango ule uwe wazi, lakini chapa haiko pale usiku ule.

Fundi Mitambo

Wakuu, mimi ni mtu wa kompyuta. Nitazungumzia waifai na taarifa zetu.

Mwaka 2014 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa ripoti kuhusu kundi walilolipa jina la DarkHotel. Lilikuwa linawavizia wakubwa wa makampuni kupitia intaneti za hoteli, hasa barani Asia. Mgeni akiunganisha kompyuta, anaandika jina na namba ya chumba, anaona ujumbe wa kusasisha programu anayoijua, anakubali, na hapo tayari kadudu kameingia. Tujifunze hivi: masasisho yote fanya kabla ya safari, na ukiwa hotelini ujumbe wowote wa kusasisha unaokuja wakati unajiunga na waifai ukatae.

Kazi za ofisi zipitishe kwenye VPN ya ofisi, yaani njia ya intaneti iliyofichwa wengine wasiione, au tumia data ya simu yako. Mwaka huohuo wa 2014, tume ya mawasiliano ya Marekani ilitangaza makubaliano na Marriott ya faini ya dola 600,000 kwa sababu hoteli moja mjini Nashville ilikuwa inazuia hotispoti za wageni, yaani intaneti wanayoigawa kutoka kwenye simu zao, kwenye eneo la mikutano. Kwa hiyo hotispoti yako ikikataa kwenye ukumbi wa mkutano, si lazima tatizo liwe simu yako.

Kompyuta za pamoja pale chini, zile za kuchapishia, usifungulie barua pepe. Tuma faili kwa mapokezi wakuchapishie. Na ukiunganisha akaunti yako kwenye televisheni ya chumbani, itoe kabla ya kuondoka. Usitegemee kuwa mfumo utaisafisha.

Kuhusu taarifa za pasipoti: mwaka 2018 Marriott ilitangaza kuwa hifadhidata ya uhifadhi ya Starwood ilikuwa imeingiliwa tangu 2014, yaani kabla hata hawajainunua. Hesabu ya baadaye ilifika rekodi hadi milioni 383, zikiwemo namba zaidi ya milioni 5 za pasipoti ambazo hazikuwa zimesimbwa, yaani hazikufichwa kwa msimbo. Uingereza ikawatoza faini ya pauni milioni 18.4 mwaka 2020. Hatuwezi kukataa kuonyesha pasipoti, lakini tunaweza kujaza kinachotakiwa na sheria tu na kuacha wazi vile visanduku vya hiari.

Mgeni Kazini

Je, ni lazima niwaachie pasipoti mapokezi? Rafiki yangu aliambiwa aiache mpaka kesho yake.

Mleta mada

Waonyeshe, waandike au watoe nakala, urudishiwe. Nchi nyingi zinazitaka hoteli ziandikishe wageni. Ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mkataba wa mwaka 1990 wa kutekeleza makubaliano hayo unataka mgeni wa kigeni ajaze fomu, asaini na kuthibitisha utambulisho wake. Uhispania imeongeza taarifa zinazotakiwa tangu Desemba 2024. China hoteli inakuandikisha polisi. Hayo yote ni halali na hayahitaji kijitabu chako kilale kwenye droo ya mtu. Sema kwa heshima: "Nitasubiri hapa mkimaliza." Kisha kaa kwenye kiti kilicho karibu.

Kipepeo

Mnatisha watu sasa. Mimi naona bora hoteli ndogo za wenyeji, mwenye nyumba unamwona kwa macho, ukiwa na shida unaongea naye mwenyewe. Hizi chapa mnazozitetea ni pointi tu zinawavuta.

Mleta mada

Kipepeo, hoja yako ina uzito na sitaidharau. Kwa mapumziko na familia, mimi pia nitatafuta nyumba ya mwenyeji. Kwa kazi ni tofauti, na sababu kubwa kwangu ni usingizi.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, wakiongozwa na Masako Tamaki na Yuka Sasaki, walipima ubongo wa watu wanaolala mahali pageni. Usiku wa kwanza nusu moja ya ubongo ililala usingizi mwepesi kuliko nyingine, na ilishtuka haraka zaidi kwa sauti ngeni. Usiku wa baadaye tofauti hiyo ikapungua. Yaani mwili wenyewe unalinda zamu. Sasa wewe umevuka saa kadhaa za dunia, kesho asubuhi unasimama mbele ya wateja. Chumba ambacho swichi iko ulipoizoea, mto ni uleule, mapazia yanaziba mwanga vilevile, kinakupunguzia kazi ya kuwa macho. Kwangu hiyo ndiyo bidhaa wanayouza, na ndiyo sababu niko tayari kuitetea. Na kama unaweza, fika siku moja kabla ya kazi, ule usiku mbovu upite bila madhara. Omba chumba mbali na lifti na mashine ya barafu, kisicho na mlango wa kuunganisha na chumba jirani. Mlango ule unapitisha kila neno.

Kuhusu pointi, nakubaliana nawe kwa sehemu. Mipango hii ilianza miaka ya 1980, Holiday Inn na Marriott zikiwa za mwanzo mwaka 1983, na lengo lake ni kumfunga anayechagua hoteli kwa pesa za mwajiri. Kuzipokea si kosa kama ofisi inaruhusu. Lakini kuchagua hoteli ya mbali au ya gharama zaidi ili kukuza akaunti yako, huko ni kula mali ya ofisi, na naomba tuliite hivyo.

Mhasibu Mkongwe

Hapo mwisho umenigusa mkuu. Na tunaona kwenye makaratasi, msidhani hatuoni.

Marekani nako kuna ada za lazima ambazo zilikuwa zinafichwa mpaka siku ya kulipa. Tangu Mei 2025 kanuni ya tume yao ya biashara inataka hoteli zitangaze jumla yenye ada zote za lazima tangu mwanzo. Kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa baadaye, kwa hiyo endeleeni kuuliza.

Binti Safari

Kuna suala la umeme na dawa. Naomba wenye uzoefu.

Fundi Mitambo

Umeme: angalia maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandikwa 100–240V inakubali kokote, unahitaji adapta ya plagi tu. Kifaa cha kupasha joto kama pasi ya nywele mara nyingi ni cha volti moja. Japani ni volti 100, Marekani 120, sehemu kubwa ya dunia ni 220 hadi 240. Adapta haibadilishi volti. Na kumbuka zile hoteli ambazo umeme wa chumba unategemea kadi iliyochomekwa ukutani: ukitoka, baadhi ya soketi zinazima na kompyuta haichaji. Uliza ni soketi ipi inabaki hai.

Mleta mada

Dawa: dada, ule ubaridi wa kabati la vinywaji chumbani usiuamini kwa insulini. Vingi vya vikabati hivyo vinapooza kidogo tu, havishikilii nyuzi 2 hadi 8 zinazotakiwa. Iandikie hoteli mapema uombe friji ya dawa. Nyingi huwa nazo, na hutoa bila malipo. Vilevile baadhi ya vikabati vina vihisi: ukiinua chupa ili uweke dawa yako, mfumo unaandika umenunua. Ikitokea, toa taarifa palepale, si siku ya kuondoka.

Ankara iombe usiku wa mwisho, uisome umekaa kitandani. Makosa mengi ninayoyaona ni vitu vidogo: usiku mmoja kurudiwa, kodi ya jiji kutozwa wakati wakala ameshailipa, kinywaji cha mgeni wa chumba jirani.

Mgeni Kazini

La mwisho wakuu. Nikifika wakaniambia hoteli imejaa na mimi nina uthibitisho?

Mleta mada

Hutokea, kwa sababu hoteli nyingi huuza vyumba zaidi ya vilivyopo wakitegemea baadhi ya wageni hawatafika. Usiondoke mapokezi na usikubali kurudishiwa pesa tu. Desturi ya hoteli hizi ni kukutafutia chumba cha hadhi ileile au zaidi kwenye hoteli ya jirani, kukulipia usiku huo na kukulipia usafiri. Mwombe meneja wa zamu aandike mambo manne kwenye karatasi yenye nembo ya hoteli: kwamba uhifadhi wako ulikuwa halali, wamekupeleka wapi, nani analipa, na kama kesho unarudi au unabaki huko. Piga picha karatasi hiyo, mtumie wakala wako na mtu wa ofisini usiku huohuo, maana Mhasibu ataiulizia. Kisha waulize mapokezi wa hoteli mpya, kabla hujapanda gari, kama kweli wanalo jina lako.

Mhasibu Mkongwe

Nitaiulizia kweli. Na iwe na tarehe.